Visiki vya Miforosadi

Hosiana, sogea, njoo huku kichwani, si miguuni, miguuni mwachie shangazi yako na maji yake ya moto. Castory, baba, nyamaza kidogo, ukilia hivyo hata mimi mwenyewe sisikii ninachosema. Na nyie wanaume wa machela, kaeni hapo barazani kwanza, mvua haijakatika na njia ya kushukia Kinole mnaijua ilivyo, mtateleza mnimwage korongoni kama mkungu wa ndizi. Najua mnataka kuninyanyua. Sinyanyuliwi. Sinyanyuliwi mpaka niseme na wanangu, na nasema kwa sauti makusudi, mlango uko wazi, mnasikia wote, na wewe Oscar unasikia, na ndivyo ninavyotaka.

Wosia ni kazi ya wazee, najua. Mzee mwenye mvi zake, ameegemea mto, ana ng'ombe wa kugawa na vijana wanaitikia ndiyo baba, ndiyo baba. Mimi sina mvi hata moja, sina ng'ombe, na naogopa, wanangu, siwafichi. Mtoto amelala kiubavu, hashuki. Shangazi yenu Filomena amezalisha nusu ya watoto wa mlima huu, na asubuhi amenawa mikono akasema hapa hakuna ujanja, ni hospitali ya mjini, na haraka. Hanipendi, na mimi simpendi, lakini hapo hakusema uongo. Ahsante, wifi. Ahsante yangu kwako imeishia hapo. Sasa nikamulie hicho kitambaa usinikatize.

Ngojeni. Inakuja. Shika mkono, Hosiana, shika, shika.

Imepita. Haya.

Sikilizeni cha kwanza, nisije nikakisahau. Nyumba hii si yenu. Shamba hili si lenu. Msije mkabishana na mtu juu ya hilo, mtashindwa na mtachekwa. Baba yenu Stephano alipewa ardhi hii na ukoo wake alipokuwa hai, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nyie ni wa kwetu Mkuyuni, kwa bibi yenu, na huyu aliye tumboni pia, akitoka mzima. Baba alipofariki ardhi ilitakiwa irudi kwa wapwa zake, na mpwa mkubwa ni Oscar, mwana wa huyu shangazi yenu. Ndivyo lilivyo hilo, sikulipinga msibani na silipingi leo. Nililopinga ni la miti.

Miti niliipanda mimi. Kwa mikono hii. Mlima mzima unajua kwamba udongo unaweza kuwa wa mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine, ndiyo maana ukimwazima mgeni shamba humruhusu apande mti wa kudumu, maana akishapanda utamtoaje? Mimi nilipanda mbele ya macho yao, mwenye ardhi akiwa hai na akinichimbia mashimo, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu walidhani ni uzio. Vijiti! Nilikuwa nachomeka vijiti. Filomena alipita na kuni zake kichwani akaniuliza, "Mama Hosiana, unafuga mbuzi gani wa kuwekewa boma refu hivyo?" Nikamwambia nafuga karatasi. Alicheka mpaka kuni zikamwanguka. Unakumbuka, wifi? Haya, cheka na leo.

Castory hujui haya, ulikuwa mgongoni, kwa hiyo nisikilize. Baba yenu alikuwa fundi kiwandani mjini. Likaja lile la viwanda kuuzwa kwa watu binafsi, kila siku kwenye redio ni biashara huria, biashara huria, na sisi tukadhani ni jambo la wenye maduka, mpaka siku amerudi nyumbani mchana, ovaroli imekunjwa kwapani, akasema wamepunguzwa kazini. Yeye akapanda huku mlimani kulima. Mimi nikabaki kwanza Kihonda kwa mama yangu mdogo Kristina, maana nina Fomu Foo na nilidhani nitapata ofisi. Ofisi gani? Ofisi zilikuwa zinafungwa. Zilikuwa zinatupa makaratasi yake nje, magunia kwa magunia, yamechapwa upande mmoja tu, mazuri, na Kristina alikuwa anayaokota ya kuwashia mkaa. Ndipo wakaja wale watu wa mradi, wakatufundisha wanawake wa mtaa ule kuyaloweka, kuyatwanga kwenye kinu yawe rojo, kuzamisha fremu yenye wavu ndani ya beseni na kuinua taratibu, maji yachuruzike na karatasi mpya ibaki juu kama utando wa maziwa. Mradi ukaisha wakaondoka na gari lao. Fremu zikabaki.

Lakini karatasi ya makaratasi matupu ni mgonjwa. Ukiikunja inakatika kama andazi la juzi. Kila ikirudi kwenye kinu nyuzi zake zinazidi kuwa fupi, na usipoichanganya na uzi mpya, mrefu, huna kitu, una ukurutu. Wenzangu walijaribu majani ya mananasi, walijaribu migomba, ikawa nafuu. Mimi nikajaribu gome la ndani la mforosadi, ule mti wa kulishia viwavi wa hariri, nilikata matawi kwenye shamba la hariri lililotelekezwa, nikalichemsha na majivu, nikalitwanga, nikalichanganya, na nilipoanika ile karatasi na kuivuta kwa mikono miwili ilinikatalia kukatika. Nililia, wanangu. Kristina akadhani nimeungua.

Ndiyo vile vijiti nikavileta huku juu, kwenye ule mteremko ulio juu ya chemchemi, ambao baba yenu alikuwa ameacha kuulima kwa sababu kila masika udongo ulikuwa unashuka kuziba maji. Miforosadi ikashika. Udongo ukatulia. Leo watu wanachota maji meupe pale chini na hawajiulizi ni kwa nini, na wengine ni hao waliosimama barazani. Na hawa ndio walikuwa wananizomea njiani, "Wenzako wanapika ugali, wewe unapika magome!" Kunyweni tu. Maji si yangu.

Uwiii. Ngojeni. Filomena, usinibonyeze hapo! Usinibonyeze nimesema!

Maji. Kidogo tu, nilowanishe mdomo.

Nimefika wapi. Oscar. Eeh. Baba yenu amezikwa, matanga hayajapoa, Oscar tayari anazungukazunguka kule juu na mtu wa iliki. Maana zamani mazao yalikuwa yananunuliwa na ushirika na bei ni ile ile, mtu hana sababu ya kumvizia mjane. Siku hizi kila mwenye lori anapanda mlima na mfuko wake wa fedha, anataka iliki, anataka mdalasini, na iliki inapenda pale pale penye kivuli na unyevu, juu ya chemchemi yangu. Wazee wa ukoo wa baba yenu wakaketi. Nami nikaketi, na tumbo langu hili ndiyo kwanza limeanza kuonekana, nikawaambia udongo chukueni, miti ni yangu. Wakanong'ona weee, mwishowe wakasema kwa haki kabisa, siwasingizii: miti ikiwa hai, Rahel na wanawe wataingia na kuvuna, hakuna wa kuwazuia; siku miti ikifa, eneo ni la wapwa.

Kesho yake kumekucha nasikia panga. Nikapanda mbio. Oscar ameikata yote. Yote! Usawa wa kifundo cha mguu, mmoja baada ya mwingine, amesimama kifua wazi anatoka jasho, akaniambia mbele ya wanawe, "Mama Hosiana, pole, miti yako imekufa." Na tangu siku hiyo shikamoo yangu hanipi, mimi mke wa mjomba wake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mungu alipocheka. Oscar aliwahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya misonobari, kule ambako ukishauangusha msonobari umekwisha, kisiki kinaoza, unakuja kupanda mche mwingine. Akadhani mti ni mti. Mforosadi haufi kwa panga! Mforosadi unataka panga. Mimi mwenyewe kila mwaka nilikuwa nakata hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kila kisiki nilikuwa nakiachia tawi moja la kupumulia. Alinivunia, mpumbavu yule. Alinifanyia kazi ya kutwa nzima bila hata uji. Sikumwambia hilo. Nililia pale chini, nikapiga na mayowe, ili aende zake ameridhika, halafu nikakusanya matawi yote nikayachuna gome. Mvua za vuli zilipokuja kila kisiki kikatoa machipukizi kama vidole, na sasa masika hii yamekuwa marefu kuliko Castory, yamenyooka, gome laini halina kifundo. Sijawahi kupata gome kama hilo.

Na hizo kamba mlizofungia machela, jamani, mnazitazama? Mnafikiri mmezitoa wapi? Mmezichukua kwenye waya wangu wa kuanikia, hapo ukutani. Ni gome la miti iliyokufa. Oscar, ulipokuwa unalikaza lile fundo la kichwani nilikuwa nakuangalia.

Jana ndiyo alijua. Mtu wa iliki alimrudia, wakapanda wote, akayaona machipukizi. Leo alfajiri akaja na sururu. Panga limemwangusha, sasa anataka kung'oa shina lenyewe na mizizi, achome moto. Alikuwa ameshang'oa mistari ya juu nilipofika. Nikakaa juu ya kisiki. Mvua ikanyesha, nikakaa. Akasema, "Ondoka, mama, nitakukata mguu." Nikamwambia kata. Hakunigusa, hilo nalisema mbele yenu wote, hakunigusa hata kidole, lakini alizunguka akaendelea kung'oa upande wa pili huku ananitazama, na mimi nikawa nahama kisiki hadi kisiki, na huko ndiko uchungu uliponianzia, kabla ya wakati wake, na maji yakamwagika pale pale kwenye udongo wa watu. Alishuka kumwita mama yake. Nayo ni kweli. Alikimbia. Sururu aliiacha kule juu, imesimama.

Kwa hiyo nikifa mtaambiwa mama yenu alisamehe watu wote. Watu wakifa husemwa hivyo. Uongo. Sijasamehe. Msije mkamtukana Oscar wala kumpiga jiwe, ni mkubwa wenu, mkikutana naye shikamoo mpeni, msiwe kama yeye. Shikamoo mpeni. Miforosadi msimpe.

Inakuja tena. Jamani. Jamani inakuja kubwa.

...

Bado nipo. Mkono wangu uko wapi, Hosiana? Huu wako? Umekuwa mkubwa huu mkono.

Haraka sasa. Kinu na fremu ni vyako wewe Hosiana, ile fremu ndogo yenye wavu uliotoboka pembeni usiitupe, ishone kwa uzi wa nailoni. Beseni na ubao wa kuanikia mpelekeeni Kristina Kihonda, atawapokea, tumeshasema naye, na shule mtasoma huko huko, Castory utasoma hata kama hutaki. Niliahidi karatasi za kadi za harusi kwa Bi Urvashi wa dukani mjini, za binti yake, zile zenye maua ya mdodoki ndani. Zimekauka, ziko chini ya godoro. Mpelekeeni, msalimieni, mwambieni Rahel alimaliza. Aliwahi kuniambia karatasi yangu ina uso. Sijawahi kuambiwa neno zuri kama hilo na mtu mzima.

Miti sasa. Nilipanga masika hii, nikishajifungua na kupata nguvu, niihamishe yote kwa mama Mkuyuni, kwenye ardhi ambayo ni ya ukoo wenu na hakuna mpwa wa mtu atakayewatoa. Sikuwahi. Sasa ni kazi yako, na ni ya leo. Usitikise kichwa. Leo! Kijiti cha mforosadi ukikichomeka masika kinashika, kama mimi nilivyovileta. Machela ikishapita mgomba wa mwisho pale kona, wewe na Castory chukueni panga mpande. Kateni machipukizi, kila kisiki kiachieni moja la kupumulia, msiwe kama Oscar. Vipande virefu kama mkono wako kuanzia kiwiko. Toa majani. Kumbuka upande wa juu ni upi, ukichomeka kichwa chini umepanda kuni. Funga mafungu kwa maganda mabichi ya mgomba, yaloweshe, halafu msifuate njia hii yetu, fuateni ya juu, mtawakuta akina mama wa ndizi wanashuka soko la Mkuyuni, ombeni kwenda nao. Bibi yenu akiuliza mwambieni ni kando ya kijito, mteremko wote, vijiti vilale kidogo, nusu ndani nusu nje. Mvua itafanya iliyobaki.

Mnashangaa nasema yote haya na Oscar anasikia. Mama amechanganyikiwa, eeh? Sijachanganyikiwa. Oscar, njoo mlangoni nikuone. Wewe utashika mwanzi wa mbele, wa kulia. Si mwingine, wewe. Wenzako wote wamesikia nimekutaja. Na wote mnajua anayeachia mwanzi wa machela njiani na mwanamke mwenye uchungu yuko juu yake huyo hata akifa atalala na nzi, hakuna bega la kumbeba. Basi mikono yako yote miwili ninayo mimi. Sururu ibaki kule kule ilikosimama. Mpaka barabarani kwenye gari la ndizi, hiyo mikono ni yangu, na ukirudi utakuta visiki vyenye tawi moja moja, kata, ng'oa, choma, panda iliki yako, mimi nimekwisha kuhama.

Mbona unanitazama hivyo. Unalia? Usinililie. Lia ukishanifikisha.

Wifi... Filomena. Njoo nami kwenye gari. Sikupendi lakini usiniache na madereva.

Wanangu. Sijui baraka hutolewaje, baba yangu alifariki nikiwa shule. Mungu awape mikono iliyotulia. Awape maji yasiyozibwa. Mdogo wenu akiwa wa kike ni Theresia, kama bibi, akiwa wa kiume ni Stephano, na mkiletewa yeye bila mimi, msimwangalie kwa jicho baya, hakufanya kitu, alikuwa amelala vibaya tu, ni... amelala vibaya tu.

Haya, ingieni. Ingieni jamani. Taratibu na mgongo. Huko, ndiyo.

Nilitaka kuwaambia mwende polepole. Hosiana apate muda, visiki ni vingi na yeye ni mtoto. Nimelala hapa nawaza hilo tu, nikisema polepole miti inapona na huyu wa tumboni je, nikisema kimbieni huyu anapona, Oscar anawahi kurudi, polepole, kimbieni, polepole... Nimechoka kupima.

Kimbieni.

Hosiana na wewe kimbia. Usigeuke nyuma kuangalia machela, utakosea upande wa juu wa vijiti. Kimbia, mama.

Mbona machela inatikisika. Oscar, usiogope kamba hiyo. Haikatiki. Nyanyua.